Mama Gliserini na Swali la Kung'aa

Baada ya miaka thelathini na miwili katika maabara yetu ya utafiti wa ngozi, mkuu wa kitengo cha vipodozi, ambaye sote tunamwita Mama Gliserini, anastaafu tarehe 30 mwezi huu. Ofisi yake itapigwa deki. Vitasa vya milango vitaacha kuteleza.

Alianza kwa kuosha chupa, akapanda vyeo bila kelele, na amefundisha nusu ya watu wanaosoma jarida hili. Ukimwuliza jambo dogo, alikupa kiti kwanza. Hapo ulijua chakula cha mchana umekikosa.

Utafiti uliompa jina ulitaka kujua kama gliserini inapunguza mabaka meusi usoni. Hakuuchagua kwa bahati. Mdogo wake wa kike alikuwa amejichubua kwa mkorogo hadi mashavu yakaungua na kubaki na mabaka, akawa hatoki nje mchana. Mama Gliserini alimwahidi dawa. Tulijua, na tulimwombea.

Matokeo ya kwanza yalikuwa mazuri kupita kiasi. Karibu washiriki wote walijibu ndiyo. Wafadhili wakapiga simu kupongeza, keki ikakatwa, mdogo mtu akaambiwa, akalia kwa furaha. Kisha vikaja vipimo vya mashine, navyo vikasema mabaka yako palepale. Ikabidi turudi kwenye swali lenyewe. Mama Gliserini, aliyelitunga, alikuwa ameuliza kama uso umeng'aa. Yeye alimaanisha mabaka yamefifia. Washiriki walijitazama kwenye kioo, wakajiona wanameremeta kama sufuria mpya, wakasema ukweli. Mtu aliyepakwa gliserini atakosaje kung'aa?

Angeweza kunyamaza, maana wafadhili walishapanga kuingiza krimu ya gliserini madukani. Alikwenda nyumbani, akamwambia mdogo wake kabla ya mtu mwingine yeyote. Asubuhi akawaarifu wafadhili kwamba gliserini inalainisha ngozi, basi. Wafadhili wakatuaga. Mdogo wake akamnunia mwaka mzima, na hilo ndilo lililomuumiza, ingawa aliendelea kuja kazini saa zilezile na kutugombeza kwa chupa chafu.

Siku moja mdogo mtu alikuja mwenyewe kwenye kliniki ya ngozi ya maabara yetu, mchana kweupe, akaomba kazi ya mapokezi. Mkorogo alikuwa ameshautupa. Sasa ndiye anayewapokea mabinti wanaokuja na mkorogo wao kwenye mkoba. Huwaambia kwamba dada yake alimweleza ukweli siku ambayo uongo ungempendeza zaidi, na kwamba ndiyo sababu bado ana uso wa kuonyesha. Anayebisha husogezewa shavu alitazame kwa nafasi.

Mama Gliserini, asante sana. Tutakukosa kuliko tutakavyokubali kusema hadharani. Tunakutakia maisha mema, afya, na ngozi laini. Kuhusu mabaka, hatuahidi kitu.