Kadi ya Sauti Isiyoongea na Kompyuta Zetu

Risala ya Kikundi cha Wasioona cha Gatitu kwa Bi. Ngendo, mwenyekiti wa kamati ya wafadhili wetu. Inasomwa na Magdaline, katibu, kwa maandishi ya nukta nundu.

Mgeni rasmi, Bi. Ngendo, asante kwa kutufikia katika mvua hii. Sisi ni watu kumi na mmoja tusioona, na tumefurahi kusikia sauti yako.

TULIKOTOKA

Tulianzia katika ukumbi huu wa kanisa. Mwenzetu Ngatia, fundi wa redio aliyepoteza macho kwa kisukari, alituwekea Linux katika kompyuta tatu kuukuu. Ni mfumo huria, haulipiwi, na una programu inayotusomea maandishi kwa sauti. Tukaanza kuandika barua zetu wenyewe.

MAFANIKIO

Mwenzetu Murugi, mwenyeji wa Othaya, aliitwa Karatina kufanya mtihani wa kazi ya kupokea simu. Mtihani ulikuwa wa kompyuta.

CHANGAMOTO

Wiki tano kabla ya mtihani, radi iliua sauti ya kompyuta zote. Ngatia aliiandikia kamati yako aina ya kadi ya sauti inayofaa, yaani kifaa kinachoipa kompyuta sauti: ile ndogo ya USB, ambayo Linux huitambua bila programu ya ziada. Tukaletewa nyingine, kubwa na ya bei ya juu, ambayo programu yake ni ya mfumo wa Windows pekee, si wa Linux. Tunajua mlitutakia mema.

Ngatia alihangaika nayo siku tisa. Akatuambia, "Kompyuta inajua hii kitu iko. Lakini haiongei." Tulipopiga simu ofisini kwenu tulijibiwa, "Hiyo ndiyo mpya kabisa. Shukuruni."

Murugi alienda bila mazoezi, akafeli. Kaka yake alipokuja kumrudisha nyumbani Othaya, Murugi alituambia, "Msinipigie simu. Mkinipigia nitataka kurudi." Ngatia naye huja hapa kila Jumanne, anakaa, hagusi kitu.

MAOMBI

Tunaomba kadi tatu za aina ile aliyoiandika Ngatia. Kabla ya kununua zote, moja ijaribiwe hapa, yeye akiwepo. Na yeyote atakayetaka kutusaidia, tafadhali atuulize kwanza.

Kazi ya Karatina imeshapata mtu, hatuombi irudi. Tunaomba tu, Bi. Ngendo, umpigie Murugi wewe mwenyewe. Simu zetu hapokei.

Mungu akufikishe nyumbani salama, na akujalie watu wa kukusikiliza.

Ni sisi,
Kikundi cha Wasioona, Gatitu.