Nilivyotolewa Kwenye Siti ya Nyuma

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Wewe unayesoma na hujajibu "amina", nakungoja.

Mimi ni Trésor, yule wa mstari wa nyuma kwenye kwaya ambaye mama zenu wanamnyooshea kidole wakati wa maombi. Mchungaji ameniambia ushuhuda huu niuandike kwanza, kwa sababu nikisimama mbele nitacheka, mtacheka nanyi, na ibada itaharibika. Basi naandika, ingawa hata mkono wangu bado unashangaa.

Ndugu zangu, mimi naishi nchi ya nje. Msicheke. Ni kweli kwamba ukisimama nyuma ya choo chetu hapa Mbugangari, Rwanda, unaona mabati ya Goma kule Congo, na jogoo wa kule akiwika mimi huku naamka. Lakini katikati kuna mpaka, kuna askari, kuna vitambulisho. Donc, basi, ni nje. Binamu zangu wa Goma wanasema hivyo kabisa: "Trésor iko inje siku hizi." Kisha wananiomba viatu. Na mimi ninangoja mtu wa nje aninunulie.

Tulivuka wakati vita ilipofika mtaani kwetu: mama, dada yangu mdogo Neema, mimi, na gari ya marehemu papa, baba yetu. Mama hajui kuendesha. Mjomba ndiye aliyetufikisha hadi ndani ya uwanja wa Mama Divine, ambako tulipanga chumba kimoja. Akazima injini, akambusu Neema, akarudi zake. Tangu siku ile hakuna aliyesikia gari ile ikinguruma tena. Kwanza mafuta yaliisha. Halafu betri tuliiuza, tukaila. Gari yenyewe tungeiuza pia, lakini karatasi zake zilibaki Goma, na hapa Rwanda gari bila karatasi ni kama ng'ombe wa kuchorwa. Unamtazama tu.

Mama alipata kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja kando ya ziwa. Analipwa mwisho wa mwezi. Mshahara wenyewe una adabu sana: unabisha hodi, unasalimia, unaondoka kabla hujaupa kiti. Ukilipa chumba, chakula kinalegea. Ukinunua chakula, chumba kinakohoa.

Chumba kilikuwa kidogo, na mimi nimeota ndevu tatu, siwezi kulala kitanda kimoja na mama na Neema. Basi mama akatandika godoro kwenye siti ya nyuma ya gari, akafunga vitenge kwenye vioo. Hapo ndipo nilipolala mwaka mzima, ndugu zangu, nimejikunja kama sambusa. Sufuria, makaa na unga wa mihogo vilikaa kwenye buti. Chini ya siti ya mbele kuku wa jirani alikuja kutaga bila kuomba ruhusa, nikawa na mpangaji wangu.

Sasa sikilizeni jambo la kushangaza. Katika mwaka wote ule, hakuna hata mtu mmoja hapa kanisani aliyejua. Nyinyi mliona gari tu. Mliona vitenge kwenye vioo, mkasema watu wa Goma wanajua kutunza siti zao zisichomwe na jua. Wageni wengine waliotoka kule mliwapelekea maharage. Sisi mlituletea bahasha za michango ya harusi. Mama alikuwa anazipokea kwa mikono miwili, anatabasamu, anaingia ndani, anakaa kitandani.

Nilimuuliza, "Mama, kwa nini usiwaambie tu?"

Akasema, "Papa yako alikuwa mutu, Trésor. Hiyo gari ndiyo kitu kimoja kinasema bado tuko watu. Nikifungua kinywa, itanyamaza."

Nikachukua kitambaa, nikaipangusa gari ya papa vumbi.

Kisha mambo yakaja mawili kwa pamoja. Mama Divine, mwenye nyumba wetu, ambaye mnamjua anavyokaa siti ya mbele hapa na kofia yake, alikuja Jumatatu akasimama kando ya gari. Akaipigapiga mgongoni.

"Mama Trésor, kuanzia mwezi ujao kodi inapanda. Gari yako inakula nafasi ya wapangaji wawili. Na mwenye voiture hawezi kushindwa, si ndiyo?"

"Hakuna shida, Mama Divine," mama akasema.

Hakuna shida! Nilimtazama mama nikadhani amepata malaria. Ilikuwa shida yenyewe, imevaa viatu, iko uwanjani. Kodi ikipanda tunatoka, na tukitoka hatuna pa kwenda ila kuvuka mpaka kurudi kule tulikokimbia.

Siku iliyofuata akaja Papa Faustin, mzee wa kanisa. Msafara wa harusi ya Claudine, binti wa kanisa letu, ulikuwa umepungukiwa gari ya bibi harusi. Ile waliyoahidiwa ilikuwa imeharibika Nyakiriba.

"Kanisa limefikiri juu yenu," akasema, kana kwamba anatupa zawadi. "Jumamosi Claudine apande yenu."

Mama akajibu nini? Ndugu zangu, mnajua alichojibu.

Alipoondoka nikamwambia, "Mama, bibi harusi atakaa juu ya kuku?"

"Jumamosi asubuhi tutasema imekataa kuwaka," akanong'ona. "Hiyo si uongo. Itakataa."

Mpango ulikuwa mzuri, ila mama alisahau jambo moja, na mimi pia, kwa sababu kwetu Goma kila mtu huosha gari yake mwenyewe. Hapa vijana wa kanisa ndio wanaokwenda Ijumaa kuosha magari ya msafara na kuyafunga utepe. Hawatangazi. Wanakuja na ndoo wakiimba.

Ijumaa saa kumi nilikuwa nimetoka shule. Nilikuwa kwenye siti ya nyuma na kaptula tu, daftari la hesabu kifuani, nasinzia. Nikasikia "haleluya" na maji. Nikadhani nimekufa na kule juu wanafua. Mlango ukafunguliwa. Eric, kiongozi wa vijana, alisimama pale na kitambaa mkononi akinitazama, na mimi nikimtazama. Kuku akatoka chini ya siti, akapita katikati yetu bila haraka, akaenda zake.

"Trésor," Eric akasema polepole, "unafanya nini humu?"

"Nakaribisha wageni," nikasema.

Wengine wakafungua buti. Nyimbo zikakatika moja moja kama taa za mtaa umeme unapoondoka. Waliona sufuria. Waliona shati langu la shule limetundikwa, mswaki, Biblia ya papa, mfuko wa unga umefungwa na uzi wa kiatu. Mama Divine alitoka kwake kuuliza kwa nini kumekuwa kimya. Akachungulia. Akaingiza kichwa chote na kofia yake ndani, akaligusa godoro, akalibonyeza.

"Mana yanjye, Mungu wangu," akasema. "Mtoto analala humu? Uwanjani kwangu?"

Mama alikuwa amefika getini kutoka kazini na viatu vyake mkononi. Nilitaka ardhi ifunguke, na hapa chini ya volkano hilo si ombi la kufanyia mchezo. Nilijua atasema tena "hakuna shida". Niliona mdomo wake unaanza.

Lakini akasema, "Gari haitembei."

Watu wote wakageuka.

"Haijatembea tangu tufike. Betri tulikula. Mutoto wangu analala ndani sababu chumba hakitoshi, na mushahara unaisha mbele ya mwezi. Claudine anisamehe. Na wewe Mama Divine, hiyo kodi mpya siiwezi. Hata ya zamani inanishinda."

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Ndugu zangu, nimeona volkano ikiwaka usiku, nimeona watu wakikimbia na magodoro kichwani. Sijashtuka maishani kama nilivyoshtuka kumsikia mama yangu akisema ukweli kwa sauti kubwa.

Aliyeanza kusogea ni Mama Divine. Hakumkumbatia mama, hakuomba, hakulia. Alivua kofia. Mimi nilikuwa sijawahi kukiona kichwa chake, nacho kina mvi. Akafungua stoo iliyo kando ya chumba chetu, pale anapohifadhi viazi vyake kutoka Cyanzarwe, akawaambia vijana, "Toeni hivi viazi. Vyote. Viwekeni sebuleni kwangu, juu ya makochi kama nafasi haitoshi. Eric, leta hilo godoro."

Mama akaanza, "Mama Divine, lakini kodi..."

"Yewe, nyamaza. Na mimi nimekimbia vita, nimelala Masisi kule Congo kwenye zizi la mbuzi na watoto wanne, nikafika hapa nikasahau. Kodi ni ileile, na hiyo stoo sijakuambia bei."

Bado kulikuwa na harusi. Eric alimpigia simu Claudine kumweleza. Sote tulisikia Claudine akicheka kwenye simu mpaka akakohoa, halafu akasema, "Basi mnisukume. Kanisa liko chini, barabara inateremka. Mnangoja nini?"

Na ndivyo ilivyokuwa, mliona wenyewe. Jumamosi tulijaza upepo kwenye matairi, tukafunga utepe mweupe, Papa Faustin akashika usukani kwa uzito wa mtu anayeendesha ndege. Kwaya nzima ilisukuma, sauti ya kwanza kulia, ya pili kushoto, na penye mteremko besi walishikilia kamba kwa nyuma ili bibi harusi asipitilize hadi ziwani. Watu wa pikipiki walisimama kutushangilia. Mama alitembea kando ya gari ya papa, mkono wake juu ya kioo, na alikuwa anaimba. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu tuvuke.

Donc, ndugu zangu, namshukuru Mungu. Wengine ametoa shimoni, mimi amenitoa kwenye siti ya nyuma. Mshahara wa mama haujaongezeka hata kidogo, msije kukopa. Bado unabisha hodi na kuondoka. Lakini Jumatano iliyopita mtu aliacha maharage mlangoni, na hakukuwa na bahasha juu yake.

Na wewe, kama umeegesha kitu nje ambacho watu wakikiona wanakuita tajiri, huku ndani umejikunja, nakuomba umwamini Bwana na ufungue mlango kabla vijana hawajaja na ndoo. Utashtuka. Mimi nilishtuka.

Usiku wa kwanza kwenye stoo nililala, nikanyoosha miguu, nikangoja igonge mlango wa gari. Haikugonga kitu. Nikaendelea kunyoosha, ndugu zangu, na bado nafasi ilikuwepo.