Mama Taratibu na Mshipa Uliolikwepa Ini

Tunayemsindikiza leo, Mama Taratibu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Mkunga huyo alizoea kusema kwamba bintiye alichelewa hata kuzaliwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyemharakisha akafanikiwa.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1979 akaingia chuo cha mionzi. Mashine ya ultrasaundi ilipofika hospitalini, yeye ndiye aliyepelekwa kuisomea. Alifanya kazi katika chumba kile kile chenye pazia la kijani hadi alipostaafu mwaka 2018.

Mwaka 1984 aliolewa na dereva wa lori. Shemeji yetu alipiga honi getini mpaka majirani wakatoka, na mkewe bado anachagua kitambaa cha kichwa. Walipendana hivyo hivyo.

Kazini hakumpima mtoto anayelia. Alianza na mwanasesere, akampaka jeli tumboni, akatangaza kwamba huyu amekula kupita kiasi.

Mwaka 2009 daktari wa watoto alimpelekea binti wa miaka sita aliyekuwa akisinzia darasani, hasa akishakula nyama. Majirani walikwisha kumwita mvivu, na mama yake alikuwa amechoka kubishana nao. Siku ya kwanza gesi ya tumbo ilificha kila kitu. Akawaomba warudi asubuhi, mtoto hajala. Wakarudi. Akaufuata mshipa unaopeleka damu ya utumbo kwenye ini, polepole, mpaka akakuta tawi ambalo mtoto alizaliwa nalo, likiichepusha damu kabla ini halijaisafisha, hivyo sumu itokanayo na nyama ikafika ubongoni na kumsinzisha. Alimwita daktari, wakatazama pamoja. Kisha akamgeukia mama.

“Mwanao si mvivu. Damu yake imepotea njia, na njia hiyo ya mchepuko inaweza kuzibwa.”

Mama alilia palepale. Mabingwa waliuziba mshipa ule, na usingizi wa darasani ukakoma.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua Mama Taratibu mwenyewe. Mtaalamu aliyempima alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, naye akawa anakipitisha kipimo kifuani haraka haraka. “Taratibu, mwanangu,” mwalimu wake alimwambia, “mshipa haukimbii.” Alifariki Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, mchana, mumewe amemshika mkono.

Ameacha mume, wana wawili, wajukuu watatu na mdogo wake anayesoma haya. Pia yupo yule binti, sasa mwanachuo wa ualimu, ambaye familia imemketisha kwenye mstari wa watoto. Tangu Jumanne hajapata usingizi.

Pumzika kwa amani, dada. Hakuna anayekuharakisha.