Bomba la Moshi Alilolikata Marehemu Félicien Amuri (1949–2025)

Marehemu Félicien Amuri alizaliwa Pangi tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu wa mzee Lukali, mkulima wa mpunga, na mama Yvette. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Pangi, kisha akaja Kindu kujifunza ujenzi, akamaliza mwaka 1969. Walimu wake walimjua kwa jambo moja: hakuwa mtu wa kukisia.

Mwaka 1972 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa nyumba mjini. Karakana moja ya mbao huko Mikelenge ilipoanza kushindilia unga wa mbao kuwa punje za kupikia badala ya makaa, yeye ndiye aliyeandika kanuni za majiko yake. Jiko likae nusu mita kutoka ukutani, juu ya bamba la chuma. Bomba la moshi litoboe paa na kulipita kwa nusu mita. Dirisha la jikoni lisizibwe. Aliyekaidi alifungiwa jiko, hata akiwa chifu.

Alimwoa mama Pélagie tarehe 6 Septemba 1975. Siku ya kupeleka mahari aliliona jiko la mama mkwe limegusa ukuta, akatoa mita mfukoni.

"Huyu alikuja kuoa ao kupima nyumba?" mama mkwe aliuliza.

Jiko lilisogezwa, na mke akapewa. Walijaliwa watoto wawili, Jacqueline na Aimé.

Sasa linafuata neno ambalo familia ilitamani kuliruka. Tunaona haya kulisoma mbele yenu.

Oktoba 2002, wakati wa vita, mji ulikuwa umezungukwa, na moshi juu ya paa uliwaambia wenye bunduki kwamba nyumba ile ina chakula. Jirani yake Abdoul alikuwa amebaki peke yake. Mkewe Mwanvua alikuwa amekimbia na watoto.

"Papa Félicien, hii moshi inatuonyesha," alimwambia. "Unikatie bomba."

Hakuna aliyejua hatari yake kuliko marehemu. Hata hivyo alipanda, akalikata bomba chini ya paa, akaziba tundu kwa bati.

"Lakini usifunge mulango," alisema. "Siku zote mulango wazi."

Jumanne tarehe 22 risasi zililia karibu. Abdoul akafunga mlango, jiko linawaka. Alikutwa amekufa, hana jeraha. Marehemu alipomwona tu alielewa: hewa ya jiko ndiyo iliyomuua. Watu walipokwenda kuzika, yeye alibaki nyuma, akapanda paani, akalirudisha bomba mahali pake.

Kifo kisicho na jeraha hutafutiwa mchawi. Soudi, mdogo wake Abdoul, alikuwa amegombana naye juu ya kiwanja, basi wakasema ni yeye. Alifukuzwa mtaani kwa mawe, mama yake mzazi akimlaani, akakimbilia Punia. Marehemu alikuwa amesimama mlangoni kwake. Hakusema neno.

Vita vilipokwisha alirudi kazini hadi mwaka 2014, na kwa mabomba ya moshi akawa mkali kuliko zamani. Watu walimsifu, na sifa zile zilimchoma. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Januari 2025 moyo wake ulianza kudhoofika. Akiwa kitandani aliwaeleza mkewe na watoto habari ya bomba. Jacqueline alilia: "Papa, tutaficha uso wapi?"

"Mimi nilificha miaka makumi mbili na zaidi," alijibu. "Musome yote. Kama munaruka hii, musinisomee kitu."

Aprili alimtuma Aimé kwa pikipiki hadi Punia. Soudi alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama alikufa mwaka 2009," alisema. "Alinikatalia hata salamu. Hii habari mungempatia yeye."

Aimé alirudi na maneno hayo. Marehemu aliyapokea, akageukia ukuta. Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, akiwa na miaka sabini na sita.

Ameacha mjane, mama Pélagie, watoto wake Jacqueline na Aimé, wajukuu watano, na Mwanvua, mjane wa Abdoul, ambaye familia yetu imepiga magoti mbele yake. Soudi tumemtengea kiti cha mbele, karibu na jeneza, pamoja na wafiwa.

Bwana ampe marehemu pumziko. Na wewe, Papa Soudi, watu wote wa mtaa huu wasikie: hukumuua ndugu yako.