Karatasi ya Arlène

Kijiwe chetu kiko Berea, hapa Joburg, chini ya ghorofa ambalo lifti yake ilikufa kabla wengi wetu hatujavuka mpaka. Benchi lenyewe ni mlango wa mbao uliolazwa juu ya makreti ya bia, katikati ya kiti changu cha kinyozi na spaza, kiduka cha Mhabeshi. Da Biubwa, mtu wa Pemba, hukaa na birika lake juu ya mkaa akimimina kahawa chungu, na asiyekuwa na adabu hapewi kashata. Wa kudumu ni watatu. Bakiri wa Tanga tunamwita Methali, kwa sababu anazo nyingi na hakuna hata moja anayoiweka mahali pake. Égide wa Bujumbura, mlinzi, tunamwita Robot, maana husimama getini kama zile taa za barabarani ambazo huku huitwa robot, mvua inyeshe, jua liwake. Na Cédric wa Lubumbashi, muuza chaja na kava za simu, ndiye Minista: uliza jambo la wizara yoyote, jibu lipo. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nimemnyoa mteja nusu kichwa niliposikia mtu anapiga kelele kutoka konani.

Alikuwa Lambert, fundi cherehani, mtu wa Fizi kule Kongo, ambaye kwa kawaida ukimsalimia anakujibu kwa kichwa kwa sababu mdomoni ana pini. Siku hiyo alikuja mbio, utepe wa kupimia unapepea shingoni.

– Imetoka! Karatasi ya Arlène imetoka!

Arlène ni binti yake. Alikuja Joburg akiwa mgongoni mwa mama yake, akasoma hapa hapa, kisha akapata nafasi ya kusoma chuo kikuu kimoja China. Égide aliruka kutoka kwenye benchi.

– Imetoka? Wamempa miaka miwili au minne?

– Miaka ya nini?

– Si karatasi ya ukimbizi? Mimi yangu inakwisha kesho kutwa!

– Hapana, Égide. Karatasi ya utafiti. Ya chuo. China.

– Kumbe China nao wanatoa?

– Wanatoa? Chuo chake peke yake, mwaka jana kimetoa karatasi elfu tisa!

Égide alikaa polepole, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

– Elfu tisa. Eish. Na sisi hapa tunapanga foleni usiku ungali mweusi, jua likitoka tunaambiwa mtandao umelala. Jamani, nionyesheni njia ya China.

– Ndiyo maana wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo, akasema Bakiri.

– Bakiri, akasema Da Biubwa, huyu mtoto hayupo na lake lipo.

– Basi ndiyo hiyo hiyo, Da Biubwa, ila kwa upande wa nyuma.

Cédric akaweka kikombe chini. Mheshimiwa alikuwa anataka kuhutubia.

– Sikilizeni, baba zangu. Batu ba chuo banachunguza kintu. Bakishapata, banaandika, dunia nzima inasoma. Hiyo ndiyo karatasi. Na kama kintu ni cha kweli, wenzao wa vyuo vingine banabataja. Chuo kinachotajwa sana ndicho kikubwa. Vraiment, ni kama kanisa: halihesabiwi kwa mabati, linahesabiwa kwa ushuhuda.

– Kutajwa sana? akauliza Égide. Kwetu ukitajwa sana, unahama nyumba.

Mteja wangu alicheka, nikamwambia atulie nisije nikamkata sikio. Kisha nikauliza mimi:

– Papa Arlène, mtoto amechunguza nini hasa?

Lambert akauvua utepe shingoni, akauzungusha mkononi. Sauti ikashuka.

– Muhogo. Kwa sababu ya dada yangu.

Akatuambia. Ule mwaka wa vita watu wa kwao walikimbilia milimani, wakarudi wakakuta ghala tupu. Kilichobaki shambani ni muhogo mchungu, ule ambao lazima uloweke majini siku kadhaa utoke sumu, ndipo uanike na kusaga. Nani alikuwa na siku za kuloweka? Waliuloweka usiku mmoja, wakala bugali wake, kesho vile vile, wiki baada ya wiki, bila nyama wala maharage. Asubuhi moja Jocelyne, dada yake, msichana aliyekuwa akicheza mpira na wavulana na kuwashinda, aliamka aende kisimani. Miguu ikakataa. Ilikuwa imekaza kama miti. Huko wanauita ugonjwa huo konzo. Mpaka leo anatembea kwa magongo mawili.

– Arlène hajawahi kumwona shangazi yake, isipokuwa kwenye simu, akasema Lambert. Lakini tangu mdogo alikuwa ananiuliza: Baba, unga mbaya unaonekanaje? Nikamwambia hauonekani. Akakasirika. Sasa huko chuoni wametengeneza kikaratasi chembamba. Unachovya kwenye maji yenye unga kidogo, kikaratasi kinasema.

– Kinasema kwa mdomo? akauliza Égide.

– Kwa rangi!

Hapo benchi likawaka moto. Cédric alisimama juu ya kreti.

– Ngoja kwanza! Karatasi inaijua sumu, neh? Kinachojua sumu kinaita sumu. Sumu ya Mama Jocelyne iko wapi? Kwenye mguu. Unafunga karatasi kwenye mguu, inavuta!

– Inavuta! akaitikia Égide. Kama kitambaa cha maji moto kwenye jipu!

– Chovya chovya humaliza buyu la asali! akapiga kelele Bakiri. Leo unavuta kidogo, kesho kidogo, mwisho wa mwezi sumu imekwisha, mama anarudi uwanjani!

– Na Wachina beko na mashine, Cédric akaendelea. Karatasi moja ya mguu inachapwa kwa sekunde. Watajenga kiwanda Fizi! Barabara ya lami mpaka mlangoni kwa Mama Jocelyne! Yeye ndiye atakata utepe!

– Kwa miguu yake! akasema Égide.

– Atakwenda mbio! akasema Bakiri.

Lambert mwanzoni alikuwa anacheka. Halafu nikamwona hacheki tena. Macho yalikuwa yamejaa maji na yanang'aa, kama mtoto anayeahidiwa sikukuu. Kabla sijaweka mashine chini, alikuwa ameishika simu mdomoni, anarekodi:

– Jocelyne, dada yangu, jitayarishe! Arlène wetu na chuo chake wamepata dawa. Utatembea! Unasikia? Utatembea!

Akatuma. Tukampigia makofi, na mimi nilipiga, siwezi kukataa.

Makofi hayajaisha simu ikalia. Arlène, kwa video. Nyuma yake kulikuwa na meza nyeupe na chupa nyingi, na vijana wawili wa Kichina wanatupungia mikono.

– Baba! Shikamooni wote! Mmeona? Jina langu ni la kwanza! Kwenye karatasi yetu kuna majina manane, la kwanza ni langu, maana kazi kubwa nimefanya mimi!

Égide alipiga saluti. Lambert hakungoja.

– Mama, shangazi yako ataanza kutembea lini?

Arlène aliacha kutabasamu. Wale vijana nao wakashusha mikono, ingawa hawakuelewa neno.

– Baba, nani amekuambia hivyo?

Sote tukamtazama Minista. Minista akaitazama kahawa.

– Baba, hapana. Konzo ikishashika miguu, hairudi. Hatujapata dawa, hakuna mtu amepata. Kikaratasi hakiponyi, Baba. Kinazuia. Ni kwa wale ambao bado wanatembea.

Arlène akaisogeza simu karibu, uso ukajaa kioo kizima.

– Lakini nisikilize. Vya kupimia unga vipo tangu zamani, sisi si wa kwanza. Vingi vinataka maabara, au vinaharibika kwa joto. Mimi mwaka mzima vyangu viligeuka kahawia vyenyewe, hata kwenye maji matupu! Nililia, Baba, sikukuambia. Mwalimu wangu akasema, jaribu tena, akakaa na mimi maabara. Sasa vinakaa kwenye joto kama la Fizi na haviharibiki. Hata mama asiyejua kusoma anaelewa. Njano, pika. Kahawia, ngoja, loweka tena. Wiki hii vyuo viwili vya nchi nyingine vimeandika vinataka kujaribu!

Akakionyesha. Ukanda mdogo, mwembamba kuliko utepe wa Lambert, wa njano kama mahindi. Akauchovya kwenye glasi ya maji yenye unga wa muhogo mchungu, tukasubiri tukiwa tumebana pumzi, hata mteja wangu wa nusu kichwa. Ukageuka kahawia mbele ya macho yetu.

– Yesu wangu, akasema Égide. Kweli inasema.

Da Biubwa alipiga kigelegele mpaka Mhabeshi akatoka dukani. Cédric alimkumbatia Lambert, Bakiri alimkumbatia Cédric, na Arlène kule China alikuwa anacheka na kufuta macho kwa mkono wa koti lake jeupe. Akaaga, wenzake walikuwa wanamngoja.

Ndipo Lambert akakumbuka. Akafungua ujumbe wake aone kama anaweza kuufuta. Alama zilikuwa zimeshakuwa za buluu.

– Amesikia, akasema. Mungu wangu, nimemwambia atatembea.

Simu ikalia tena. Jocelyne.

– Usipokee, akanong'ona Cédric.

– Atapokea, akasema Da Biubwa. Tena weka sauti, tubebe wote. Tulisema wote.

Lambert akapokea.

– Dada, nisamehe. Ule ujumbe...

– Kaka, nimecheka mpaka majirani wamekuja! Sauti yake ilikuwa nene, ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka ng'ambo ya shamba. Nani amekudanganya? Daktari aliniambia zamani sana, miguu hii ndiyo hii. Nilishamaliza kuililia. Niambie habari ya mtoto.

Lambert akamwambia yote: njano, kahawia, joto, mwaka wa machozi, majina manane.

– La kwanza ni lake?

– La kwanza.

Tukasikia kigelegele, halafu vingine nyuma yake, wanawake wa kule wanapokezana, hata wapita njia wa Berea wakageuka kutazama hiyo simu. Égide alikuwa anacheza papo hapo na sare yake ya ulinzi. Vilipotulia, Jocelyne akauliza, bila haraka:

– Na hicho kikaratasi kitafika huku lini? Mvua mwaka huu imetuvuruga. Watu wameanza kung'oa muhogo mchungu, wanasaga kabla haujaiva majini. Jirani yangu hapa ana watoto watatu.

Tukamgeukia Minista. Aliinama akaanza kupanga chaja zake. Bakiri alikuna kichwa, hakupata methali, hata ya kukosea.

– Halo? Kaka, mpo?

– Tupo.

– Basi muulizeni Arlène. Mimi nasubiri hapa hapa, unajua siendi mbali.

Lambert akaanza kuitafuta namba ya China.