Mama Ramani, Mchoraji wa Mgodi wa Dhahabu

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Ramani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi, mtoto wa tatu wa mchimbaji wa madini ya fedha. Alisoma hapa hapa hadi darasa la nane, kisha akajifunza uchoraji wa ramani. Mwalimu wake alilalamika kwamba alimaliza penseli nyingi kuliko darasa zima.

Madini ya fedha yalikwisha mwaka 1958, mashimo yakaachwa yajae maji. Dhahabu ilipopatikana upande wa pili wa kilima, marehemu aliajiriwa Februari 1963 katika ofisi ya ramani: meza moja ndefu na dirisha lisilofunguka.

Juni 1971, akinakili ramani kuukuu za fedha, aligundua kwamba njia mpya ya chini ya ardhi ya kuchimbia dhahabu haikubakiza hata mita tatu kuyafikia mashimo yale yaliyojaa maji. Alimpelekea mhandisi wa mgodi.

"Ramani hizo zimepitwa na wakati. Kazi yako ni kuchora tu."

"Ndiyo, bosi. Na hapa nimechora maji."

Asubuhi iliyofuata alisimama kwenye mlango wa mgodi, akawafunulia ramani wachimbaji arobaini na wawili. Fundi wa pampu akavua kofia yake ya chuma. "Mimi siingii. Huyu dada hana utani." Wengine wakamfuata.

Marehemu alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Siku ya nne ukuta wa mwamba uliotenganisha njia na mashimo ulipasuka, maji yakajaza njia nzima. Hakukuwa na mtu ndani.

Hakurudishwa kazini, wala hakuombwa radhi. Alishona sare za shule hadi uzeeni. Mara moja tu alimwambia mdogo wake kwamba aliikumbuka sana ile meza ndefu.

Tarehe 20 Oktoba 1973 alifunga ndoa na yule fundi wa pampu, aliyemtangulia mwaka 2009. Alipoulizwa alimpendea nini, alicheka: "Aliniamini kabla maji hayajaonekana."

Kisukari kilimwanza mwaka 2014, kikamfifisha macho. Alifariki Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, hospitalini, binti yake akiwa amemshika mkono.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, na mdogo wake anayewasomea maneno haya, ambaye kila asubuhi alimpigia simu kumjulia hali, na sasa hajui ampigie nani.

Pumzika, dada. Mungu akulaze pema.