Chokaa Niliyompa Basili

Sogea, Rogath, nawe Dominika weka hicho kikombe chini, mtori utapoa tu. Nimewaita ninyi wawili, wanangu wa tumbo moja, ili niwaachie nilicho nacho na niwaambie nilichowaficha, kwa maana mficha uchi hazai.

Mila yetu mnaijua: kifungua mimba hukatiwa kihamba chake, shamba la migomba na kahawa, kitinda mimba hurithi nyumba ya baba, na sisi wa kati huambiwa tukajitafutie. Mimi nikajitafutia huku kwenye mawe, nikimtazama baba yenu mdogo Basili akilala katika nyumba niliyozaliwa, akila ndizi za migomba niliyoipanda kwa mikono hii. Nilimwonea wivu, wanangu, wala si kidogo. Hata watu walipomsalimu njiani kwa kicheko, mimi nilikata njia nyingine.

Nilimzidi kitu kimoja tu: dawa ya kahawa. Bwana Shamba alinifundisha mimi kuchanganya mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, na chokaa, kuzuia kutu ya majani. Shikeni vizuri, huu ndio urithi wenu. Chokaa hai ukiimwagia maji huchemka bila moto, kisha hutulia ikawa laini kama uji. Ifukieni shimoni chini ya maji, maana ikikaa wazi huvuta hewa ikafa, ikabaki vumbi la jiwe tu. Mrututu peke yake huunguza jani. Chokaa iliyozimwa vizuri ndiyo huutuliza, ikatoka dawa nzito ya buluu inayong'ang'ania jani hata mvua inyeshe. Tumieni pipa la mbao, kwani la chuma huliwa. Na kabla ya kunyunyiza, chovyeni kisu kilichosuguliwa: kikitoka na wekundu wa shaba, chokaa haijatosha, msithubutu.

Basi mwaka ule kutu ilipoingia, Basili alikuja kwangu akasema, "Shikamoo kaka, niokoe." Nikampa mrututu mzuri. Chokaa nikamchotea ile iliyokaa wazi kibarazani miezi minane, nikijua imekufa, na habari ya kisu sikumwambia. Juma halikuisha, mibuni yake mia mbili ikababuka kana kwamba moto umepita. Akaja kulia hapa hapa, akisema, "Kaka, nadhani nilikosea kipimo." Nikamjibu, "Ndiyo, ulikosea."

Akashuka tambarare kukata katani miaka mitatu, akaniachia mimi, mimi! kihamba chake nikitunze. Nami nikang'oa masale, ile mimea yetu ya mpaka, nikayasogeza hatua nne ndani kwake. Ndizi zilizowakuza zilitoka hapo.

Rogath, pampu ya shaba ya kunyunyizia dawa ni yako, lakini dadako naye achanganye dawa, msinyimane ujuzi. Yale masale yarudishe kwenye shina la mti wa mringaringa, ulipokuwa mpaka wa zamani, na mistari ya kahawa iliyo kati umwachie mwenyewe. Dominika, nikishazikwa, kata jani la isale, lifunge fundo la kuomba radhi, umpelekee Basili kwa mikono miwili umwambie yote. Isale halikataliwi tangu mababu, atasamehe. Na hilo ndilo linaloniunguza hata sasa, kwa kuwa yule angesamehe hata bila jani, na watu watasema Basili ana moyo, nami nipo kaburini siwezi kumshinda. Mnaona? Nakufa nao, huu wivu.

Nipe maji... Yanatosha. Mungu awazidishie, awape mikono isiyomnyima ndugu, na mmoja akibarikiwa mwingine... alale usingizi. Amina, semeni amina.

Ngoja, Dominika. Usingoje kaburi. Nitamtumaje mtoto akaseme lililo langu? Nenda kakate sasa hivi, nilishike mwenyewe... nikiwa bado nina mdomo. Rogath, kimbia kwa baba yako mdogo. Usimwambie naumwa. Mwambie... mwambie hakukosea. Aje nimwambie mimi... hakukosea.